Magofu ya Engaruka na Bandari ya Efeso: Ziara ya Siku Moja kwa Waamini wa Ganako



Juma hili napenda tutafakari pamoja juu ya historia, tena historia iliyo jirani kabisa nasi. Baadhi yenu mmekuwa mkiuliza habari za hija za Nchi Takatifu na zile za Uturuki, ambako wahujaji huongozwa kwa siku moja kuyaona magofu ya Efeso pamoja na pwani nzuri ya upande ule wa Bahari ya Mediterania. Ni swali jema. Mtume Paulo aliishi na kuhubiri Efeso kwa zaidi ya miaka miwili, na mapokeo ya Kanisa yanasema kwamba Mtume Yohane alimalizia maisha yake huko. Hapo ndipo Mtaguso wa mwaka 431 ulipokiri kwamba Bikira Maria ni Mama wa Mungu. Baba Mtakatifu Paulo VI alifika mahali pale mwaka 1967, Yohane Paulo II mwaka 1979, na Benedikto XVI mwaka 2006.

Hata hivyo, nauli ya kwenda Efeso ni mzigo mzito kwa mkulima wa mahindi na mbaazi wa Karatu. Kwa hiyo napenda kuwaelekeza katika ziara nyingine, ambayo mtu wa Ganako anaweza kuifanya akatoka alfajiri na kurudi jioni. Huko nako kuna magofu ya kale, kuna ufuko wa kupendeza, na kuna mwongozaji wa kukueleza unachokiona. Ni ziara ya Ziwa Manyara na Engaruka. Nitawaomba mnifuate kwanza katika njia hiyo, kisha tutaitazama Efeso kwa mbali, kwa sababu miji hiyo miwili, ijapokuwa haikujuana, imepatwa na jambo linalofanana. Na jambo hilo linatuhusu sisi tunaoishi huku juu.

KUTEREMKA KUELEKEA ZIWANI

Ukitoka Karatu kwa barabara ya lami unapita Rhotia na Kilima Moja, halafu ghafla nchi inakatika mbele yako. Umefika ukingoni mwa Bonde la Ufa. Chini, mamia ya mita kutoka uliposimama, limetandazwa Ziwa Manyara. Ni ziwa la magadi lisilo na mto wa kutokea. Maji yote yanayoingia humo hubaki humo mpaka yakaushwe na jua. Ndiyo sababu ufuko wake haukai mahali pamoja. Mwaka wa mvua nyingi ziwa hupanda na kumeza majani ya kando. Mwaka wa ukame hurudi nyuma na kuacha uwanda mweupe wa magadi, na makundi ya heroe huonekana kama mstari wa waridi kwa mbali.

Chini ya ukuta huo wa Bonde la Ufa, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara iliyoanzishwa mwaka 1960, kuna jambo ambalo wageni wengi hulipita bila kuliuliza. Nchi ile ni kame, lakini hapo kuna msitu mnene wa miti mikubwa inayokaa kijani mwaka mzima. Msitu huo hauishi kwa mvua inayonyesha mahali pale. Unaishi kwa chemchemi. Mvua inayonyesha huku kwenye nyanda za juu huzama ardhini, hupita polepole katika miamba ya volkano, na kutokea chini kama maji safi. Mji wa Mto wa Mbu, pamoja na migomba na mashamba yake ya mpunga yanayolimwa na watu wa makabila mengi, nao unategemea maji yanayoteremka kutoka juu.

Naomba mlishike neno hilo, "kutoka juu". Tutalikuta tena Engaruka, na tutalikuta Efeso.

MAGOFU YA ENGARUKA

Mto wa Mbu unaiacha lami na kugeuka kaskazini, njia ielekeayo Ziwa Natroni na Loliondo. Unapita Selela, huku ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa kushoto kwako na tambarare ya Wamasai kulia, na mbele, siku isiyo na mawingu, unauona Ol Doinyo Lengai, mlima wa moto ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, uliolipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Baada ya takriban kilometa 60 unafika Engaruka, katika Wilaya ya Monduli. Kwa ramani, hapo uko upande wa pili wa milima ileile ya Ngorongoro tunayoiona sisi kila asubuhi. Tumeishi na watu hao wa kale mgongo kwa mgongo.

Mwongozaji atakupeleka kwa miguu Engaruka Juu, chini kabisa ya mteremko. Mwanzoni unaweza kudhani kwamba unaona mawe tu. Ukizoea, unaanza kuutambua mpango. Mawe yamepangwa kwa mistari iliyonyooka inayogawa ardhi katika vipande vya mashamba, kimoja baada ya kingine, mpaka jicho linachoka. Kati ya vipande hivyo kuna mifereji iliyojengwa kwa mawe, iliyochukua maji mtoni na kuyapeleka mbali kwa mwinamo mdogo sana, ili yasikimbie na kuchimba ardhi. Kuna marundo makubwa ya mawe yaliyookotwa shambani ili jembe lipate nafasi. Kuna maboma ya mviringo ya mawe. Na juu ya mteremko kuna majukwaa yaliyochongwa ubavuni mwa kilima, moja juu ya jingine, ambayo juu yake zilisimama nyumba. Vijiji vya namna hiyo vilikuwa saba. Hakuna chokaa wala saruji popote. Jiwe limeegemezwa juu ya jiwe kwa macho na mikono, nazo kuta nyingi zimesimama kwa mamia ya miaka.

Mzungu wa kwanza kuandika habari za mahali hapo alikuwa Mjerumani Gustav Fischer, aliyepita mwaka 1883. Aliyaona mawe yale akayafananisha na kuta za ngome za kale zilizoanguka. Hans Reck alifika mwaka 1913. Mwaka 1935 Louis Leakey alichimba, akakadiria kwamba palikuwa na mji wa watu 30,000 hadi 40,000. Watafiti waliomfuata, akiwamo Hamo Sassoon katika miaka ya 1960 na John Sutton baada yake, walichunguza kwa utulivu zaidi wakapunguza sana hesabu hiyo. Waliongelea watu elfu kadhaa tu. Lakini ukubwa wa kazi haukupungua: mashamba yale ya umwagiliaji yanaenea katika eneo la takriban kilometa za mraba 20. Katika majivu ya kale zilipatikana punje za mtama zilizoungua, na vipimo vya kimaabara vimeonyesha kwamba watu waliishi na kulima hapo tangu karne ya 14 au ya 15 hadi karne ya 18.

Wapendwa, hebu tulinganishe nyakati. Wakati Vasco da Gama anapita pwani yetu mwaka 1498, wakulima wa Engaruka walikuwa wakigawana zamu za maji. Wakati Wareno wanajenga Ngome ya Yesu kule Mombasa kuanzia mwaka 1593, wao waliendelea kuongeza kuta za mashamba yao. Hawakuandika kitabu, na hakuna jina la mfalme wala mhandisi wao lililotufikia. Lakini mfereji wa maji haujengwi na mtu mmoja, wala haugawanywi bila sheria. Anayelima mwisho wa mfereji lazima amwamini yule anayelima mwanzo wake. Palipo na mifereji ya namna ile palikuwapo baraza, palikuwapo zamu, na palikuwapo adhabu kwa mwizi wa maji. Ndugu zetu Wasonjo, yaani Wabatemi, walioko kaskazini zaidi, wamedumisha utaratibu wa namna hiyo: maji ya mifereji yao hugawanywa chini ya usimamizi wa baraza la wazee.

UDONGO ULIOKAMATWA

Utafiti wa miaka ya karibuni, hasa wa Daryl Stump na wenzake, umefunua jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Sehemu ya mashamba yale haikuwa udongo uliokutwa pale. Wakulima walijenga ukuta mfupi wa mawe kukinga njia ya maji. Maji yaliyoteremka kutoka mlimani yalikuja na matope; yalipofika ukutani yalipungua kasi, yakaacha matope yake, yakapita. Udongo ulipojaa mpaka usawa wa ukuta, waliongeza safu nyingine ya mawe. Wakakinga tena. Hivyo, msimu baada ya msimu, kizazi baada ya kizazi, walitengeneza shamba bapa lenye rutuba mahali palipokuwa na changarawe.

Yaani kile ambacho kwetu ni hasara, udongo unaokwenda na mvua, wao walikigeuza kuwa urithi wa watoto wao. Walifanya hivyo kwa mawe na kwa subira.

Basi kwa nini waliondoka? Wataalamu wametaja sababu zaidi ya moja: kuchoka kwa ardhi, kusogea kwa makundi ya wafugaji, na hasa kupungua kwa maji. Sutton alizingatia sana hoja hii ya mwisho. Mto Engaruka unatiririka mpaka leo, na wanakijiji wa sasa wanautumia kumwagilia mahindi, maharage na migomba. Lakini magofu yanaonyesha mifereji iliyotoka pia katika vijito vingine ambavyo siku hizi huonekana wakati wa mvua tu. Mfereji ujengwe kwa ustadi wa namna gani, hauwezi kutoa maji ambayo mlima hauyatoi. Walikuwa mahodari katika kila kilichokuwa mikononi mwao, lakini chanzo kilikuwa juu yao.

WALIKUWA WATOTO WA NANI?

Swali hili huulizwa kila mara, na huulizwa kwa moto kidogo. Wapo wanaosema kwamba wajenzi wa Engaruka ni mababu wa Wairaqw, nao huonyesha kilimo cha uangalifu cha Irqwar Da'aw kule Mbulu, chenye samadi, matuta na matumizi ya kila kipande cha mteremko; na familia nyingi za Karatu zilitoka huko katika karne ya 20. Wapo wanaosema ni mababu wa Wasonjo, kwa sababu ya mifereji. Wamasai ndio wanaoishi hapo leo, na jina lenyewe la Engaruka limetufikia kwa vinywa vyao.

Swali hilo ni halali, na wasomi waendelee nalo. Lakini mwamini anapokwenda Engaruka asiende kutafuta hati ya kumiliki. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, kabla Waisraeli hawajaingia katika nchi ya ahadi, Musa anawaonya kwamba watakuta miji wasiyoijenga, nyumba zenye vitu wasivyoviweka, visima wasivyovichimba na mashamba ya mizabibu wasiyoyapanda. Na kwamba watakapokula na kushiba wajihadhari wasimsahau Bwana. Onyo hilo halimhusu kabila moja. Kila mmoja wetu, awe Mwiraqw, Mmasai, Mdatoga, Mmeru au Mchaga aliyehamia Karatu kwa biashara, anakunywa maji ya kisima ambacho hakukichimba yeye. Heshima ya kweli kwa mababu, wawe wetu au wa jirani, ni kuyatunza maji na udongo waliotuachia.

Na mgogoro wa maji si jambo la zamani tu. Katika wilaya yetu wenyewe, chemchemi za Mang'ola zinazolisha mashamba ya vitunguu upande wa Ziwa Eyasi zimekuwa na mivutano kati ya wakulima wa juu na wa chini, na kati ya wakulima na wafugaji. Kitabu cha Mwanzo sura ya 26 kinasimulia jinsi watumishi wa Isaka walivyogombana na wachungaji wa Gerari juu ya visima. Isaka alichimba, wakagombana; akachimba tena, wakagombana; akasogea na kuchimba cha tatu, na hapo ugomvi ukaisha, akakiita Rehobothi, kwa maana Bwana amewapa nafasi. Aliyefanya ugomvi uishe ndiye aliyekuwa tayari kuchimba upya kwa ajili ya amani.

TUITAZAME EFESO

Sasa naomba tuvuke bahari kwa mawazo, twende Efeso, kama nilivyoahidi. Kama Engaruka ilivyosimama chini ya milima kuusubiri mto, ndivyo Efeso ilivyosimama karibu na mdomo wa mto uitwao Kaistro. Tofauti ni kwamba Efeso ilikuwa mji wa bandari, na utajiri wake wote uliingia kwa meli. Mhujaji wa leo anaonyeshwa uwanja wa michezo ya kuigiza, wenye nafasi ya watu wapatao 25,000, ambamo umati ulijaa kwa ghasia za Demetrio mfua fedha, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume sura ya 19. Anaonyeshwa Maktaba ya Celsus ya karne ya 2. Anaonyeshwa pia barabara pana ya mawe inayotoka uwanjani kwenda bandarini. Anaifuata kwa macho, anatazama mwisho wake, na hakuna bahari. Kuna kinamasi na mashamba. Bahari imesogea kilometa kadhaa.

Ni nini kilichotokea? Mto Kaistro ulishusha udongo. Kila mto hushusha udongo, lakini milima ya juu ilikatwa misitu kwa ajili ya mashamba, malisho na mbao, na udongo ukazidi. Watu wa Efeso hawakukaa kimya. Mwanajiografia Strabo anaeleza kwamba katika karne ya 2 kabla ya Kristo mfalme Attalo wa Pergamo aliamuru mlango wa bandari ujengewe ukuta uwe mwembamba, akidhani kwamba kwa njia hiyo kina kitaongezeka na meli kubwa zitaingia. Ikawa kinyume. Ukuta ule uliyazuia matope ndani ya bandari, ambayo zamani yalichukuliwa na mawimbi, na bandari ikajaa upesi zaidi. Katika karne ya 1, wakati wa kaisari Nero, liwali Barea Soranus alifanya kazi ya kuifungua tena. Katika karne ya 2 kaisari Hadriano aliamuru mto uchepushwe. Kila kizazi kilitumia fedha nyingi kuondoa matope kule chini, na matope yakaendelea kuja kutoka juu. Mwishowe wakazi wakahama kidogo kidogo kuelekea kilima kilipojengwa Basilika ya Mtakatifu Yohane katika karne ya 6, na mji mkubwa ukabaki magofu. Mileto nao, mahali Mtume Paulo alipoagana kwa machozi na wazee wa Efeso, ulipatwa na hayohayo kwa matope ya mto mwingine, na leo uko mbali na bahari.

Katika Kitabu cha Ufunuo sura ya 2, Bwana analiambia Kanisa la Efeso kwamba limeuacha upendo wake wa kwanza, na kwamba lisipotubu kinara chake cha taa kitaondolewa mahali pake. Maneno hayo ni ya roho, wala sisemi kwamba matope yale yalikuwa adhabu. Lakini mtu aliyesimama mwisho wa barabara ile ya bandari anaelewa kwamba jambo lililokuwa kubwa linaweza kuondolewa mahali pake bila vita na bila kelele, kwa punje ndogo ndogo za udongo.

SISI TUKO JUU

Wapendwa waamini, wekeni sasa magofu hayo mawili pamoja. Engaruka walikuwa chini, wakaukamata udongo kwa hekima, lakini maji ya mlimani yalipopungua hekima yao haikutosha. Efeso walikuwa chini, wakapambana na matope kwa nguvu za wafalme na makaisari, lakini milima iliyokuwa uchi juu yao iliwashinda. Katika pande zote mbili, hatima ya watu wa chini iliamuliwa juu.

Na sisi wa Karatu tuko wapi? Sisi tuko juu. Mgongoni mwetu kuna Msitu wa Hifadhi wa Nyanda za Juu Kaskazini, unaolinda vyanzo vya maji yetu na ya majirani zetu. Mbele yetu kuna miteremko. Udongo wa wilaya yetu huteremka njia mbili: mwingine huchukuliwa na Mto Endabash mpaka Ziwa Manyara, mwingine na Mto Baray mpaka Ziwa Eyasi. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na wenzao wa Ulaya wamesoma tabaka za matope chini ya Ziwa Manyara, nao wameonyesha kwamba udongo unaoingia ziwani uliongezeka sana katika muda wa karne moja hivi. Sehemu kubwa inatokea upande wa Makuyuni, Monduli. Lakini mtu wa Ganako asijifariji haraka kwa kusema kwamba wa kulaumiwa ni jirani. Makorongo yetu tunayajua. Tunajua korongo ambalo mtoto wa miaka kumi iliyopita aliliruka, na leo ng'ombe akitumbukia humo hatoki bila kamba.

Siku za mvua kubwa, maji yanayopita barabarani kwetu yana rangi ya udongo mwekundu. Rangi hiyo ni shamba la mtu. Ni ada ya shule ya mtoto na ni mahari ya kijana. Na kule chini, udongo huohuo unageuka kuwa tope linaloziba mfereji wa mtu mwingine asiyetujua.

Mwanasheria mmoja alimwuliza Yesu: jirani yangu ni nani? Bwana alimjibu kwa mfano wa mtu aliyekuwa akishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Nimeyaona maneno hayo kwa namna mpya tangu nilipoanza kufikiri juu ya miteremko yetu. Jirani alipatikana njiani kwenye kuteremka. Kwa mtu wa Karatu, jirani ni huyo mkulima wa mpunga wa Mto wa Mbu, huyo mwanamke wa Mang'ola anayesubiri zamu yake ya maji usiku, huyo mfugaji anayepeleka ndama kunywa. Hawatatuona tukilima. Wataona tu kile kinachowafikia.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni vya kusikilizwa pamoja, na kwamba kupata maji safi ni haki ya msingi ya kila binadamu. Na Maandiko yalikwisha kutuambia, katika Mwanzo sura ya 2, kwamba Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Sisi tumelishika sana neno la kwanza. La pili tumeliachia serikali.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, nayo yajadiliwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo juma hili.

Kwanza, kila mwenye shamba la mteremko alime kwa kukingama na mteremko, aweke matuta na makinga maji, apande majani ya malisho kwenye kingo. Wazee wa Irqwar Da'aw waliyajua hayo. Tusiwe kizazi kilichopata trekta na kupoteza akili ya jembe.

Pili, tuheshimu kingo za mito na vijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Najua mita 60 ni nyingi kwa mtu mwenye ekari moja, na sitaki kumlaumu maskini kwa wepesi. Ndiyo maana nasema Jumuiya nzima ikae na mtu huyo, itazame shamba lake pamoja naye, na imsaidie kupanda miti ya matunda mahali anapolazimika kuacha kulima mahindi.

Tatu, tunapojiandaa kwa Sakramenti ya Kitubio tuongeze swali moja katika kuchunguza dhamiri: je, nimemdhuru mtu wa chini yangu kwa namna ninavyotumia ardhi na maji? Wengi wetu hatujawahi kuliungama jambo hilo, kwa sababu hatujawahi kuliona kuwa ni jambo la kuungamwa.

Na vijana wa VIWAWA, pamoja na akina mama wa WAWATA, wakipenda kuandaa ziara ya Engaruka baada ya mavuno, nitafurahi kuongozana nao. Tuvae viatu vigumu na kofia, tubebe maji ya kutosha, na tusiokote wala kusogeza jiwe lolote, kwa maana jiwe lililohamishwa ni ukurasa uliochanwa. Tutasimama kimya mbele ya ukuta mmoja wa shamba, tuone jinsi jiwe la chini linavyobeba la juu, na tuwaombee watu wale waliofanya kazi hapo, ambao majina yao Mungu peke yake anayafahamu. Kisha tutarudi na kupanda ule mlima mrefu kutoka Mto wa Mbu, tukiwa na ziwa nyuma yetu na mashamba yetu mbele.

Bwana atujalie mvua za wakati wake, na atupe moyo wa kuipokea kama watu wanaojua kwamba, ikishapita kwetu, inakwenda kwa wengine.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye baraka.

Ni mimi, Paroko wenu.